Sindano ya Kila Wiki Nne

Mtoto anajua. Akimwona muuguzi anakitikisa kichupa chenye dawa nyeupe kama maziwa, anakaza makalio kabla hata pamba ya spiriti haijamgusa, na mama anamkumbatia kwa nguvu. Benzathini penisilini haitaki sindano nyembamba wala mkono wa kusitasita. Chembe zikikwama, unachomoa, unaanza upya upande wa pili, na kilio kiko palepale. Uniti 1,200,000, au 600,000 kwa mdogo, kila wiki tatu au nne, miaka na miaka, ili homa ya rumatiki isirudi kuzimaliza vali za moyo.

Siku hizi sifa zote za antibiotiki zinazokaa mwilini muda mrefu zinapewa dalbavancini na oritavancini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Zinastahili. Dalbavancini miligramu 1,500 inaingia mshipani kwa nusu saa, inajishikiza kwenye protini za damu, na wiki mbili baadaye bado inapambana na bakteria wa Gramu chanya. Mwenye jipu au ngozi iliyoumuka anatolewa kanula, anakwenda zake. Mwaka 2025 jaribio la DOTS liliwapa dozi mbili tu za dalbavancini, siku ya 1 na ya 8, watu ambao Staphylococcus aureus alikuwa ameingia kwenye damu yao na kuondolewa kwa dawa za awali. Haikuishinda tiba ya kawaida, lakini kwa kuponya haikuachwa nyuma. (Ila ikishaingia, imeingia; ikimdhuru mgonjwa, hakuna wa kuirudisha kichupani.)

Kinachonikera ni kuliita jambo hili jipya. Benzathini inafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1950. Inayeyuka kwa shida, inalala msulini, inavuja kidogo kidogo, na streptokoka wa kundi A hadi leo hawajaijengea usugu. Kaskazini mwa Uganda, utafiti wenye jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino, yaani kulinda moyo wa mtoto, uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto na vijana ambao eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo, ilionyesha dalili za mwanzo tu za ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Waliochomwa kila mwezi, ugonjwa uliendelea kwa watatu kati ya 399; wasiochomwa, kwa 33 kati ya 400.

Dawa yenye matokeo kama hayo bado inatikiswa na kuziba sindano vilevile. Sababu haijifichi. Dalbavancini inaokoa kitanda cha hospitali ghali, na kitanda kina mlipaji. Makalio ya mtoto wa Gulu, huko kaskazini mwa Uganda, hayana. Australia na New Zealand wameanza kujaribu kuipitisha penisilini hii chini ya ngozi kwa dozi kubwa, ikae miezi badala ya wiki. Huko nako ni watoto wa wenyeji asilia na wa visiwani wanaoumia zaidi.

Ndiyo maana katika toleo hili makala ya dalbavancini tumeiweka nyuma, na ile ya namna ya kuichoma benzathini bila kumtesa mtoto tumeitanguliza.