Mashine ya Kufyonza Unyevu: Je, Itakufaa?

Ukifungua kabati mwezi wa Julai hapa Eldoret ukapokelewa na harufu ya ukungu, usidhani ni kwako pekee. Viatu vya Jumapili vimeota manyoya ya kijani, koti la baba lina madoa meupe mgongoni, na nepi za mtoto zimeshinda kambani siku 3 zikiwa bado majimaji. Mji wetu uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayoanza Machi au Aprili hutuandama mpaka Septemba. Jua likikosa, nyumba hulowa kwa ndani hata kama paa halivuji.

Si suala la harufu tu. Mtoto mwenye pumu akilala katika chumba chenye ukungu, kifua humbana usiku, na mama hukesha naye. Ndiyo sababu akina mama wengi wananiuliza juu ya ile mashine ya kufyonza unyevu, dihumidifaya, ambayo wameiona dukani au wamesikia jamaa wa ng'ambo wakiisifu.

Kabla hujatoa pesa, jua kwanza maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote 4, ukiache siku 2. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, yaani upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe umelowa: pengine gata limetoboka, au maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Hapo mwite fundi. Mashine utakayoweka itafyonza mwaka mzima na ukuta utaendelea kunywa. Lakini umande ukitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, maji yamo hewani, na mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoyaleta.

Tunayaleta vipi? Kwa kupumua, kwa kuchemsha githeri mlango ukiwa umefungwa, kwa kuanika nguo sebuleni. Hata gesi ya kupikia hutoa maji inapoungua: kilo 1 hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya mvuke. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, zaidi ya lita 9 za maji zimemwagika hewani humo jikoni mwako. Mvuke huo ukikutana na mabati yasiyo na dari wakati wa usiku wa baridi, hugeuka matone, na asubuhi mnadhani paa linavuja.

Sasa tuje kwenye mashine. Chimbuko lake ni la zamani. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wa kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba na rangi hazikai mahali pake. Nyingi za leo hufanya kazi kama friji: hewa hupita kwenye chuma baridi, maji yanadondoka ndooni. Mtindo huu ni mzuri sana Mombasa. Kwetu sisi ni shida, kwa maana chumba kikishuka chini ya nyuzijoto 15 nguvu yake hupungua, na usiku wa Eldoret huweza kufika karibu nyuzijoto 10. Aina ya pili hutumia unga unaonyonya maji kisha ukakaushwa kwa joto. Hiyo haijali baridi, ila inakula stima zaidi.

Usidanganywe na maandishi ya kwenye katoni. "Lita 10 kwa siku" mara nyingi hupimwa katika chumba cha nyuzijoto 30 chenye unyevu wa asilimia 80, na chumba kama hicho Kapsoya au Langas hukipati. Vile vidogo vya kushika mkononi, visivyo na kompresa, vinafaa kabati moja tu. Na kama shemeji anakuletea moja kutoka Marekani, mwulize volti. Yao ni 120, yetu ni 240. Ukiichomeka bila transfoma utanusa moshi.

Gharama? Mashine ya wati 250 ikifanya kazi saa 8 hula yuniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Ya wati 600 hula karibu 5 kwa siku. Piga hesabu ya tokeni zako kabla ya kumwona mwenye duka.

Ukiinunua, isimamishe wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha ikiwa imesafiri imelala kwenye basi. Funga madirisha inapofanya kazi, la sivyo unajaribu kukausha Uasin Gishu nzima. Nunua pia kipimaunyevu kidogo. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, zima. Safisha kichujio chake, na usiitandaze nguo juu yake.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Mvua yetu hupenda kuja alasiri, hivyo fungua madirisha ya pande zote asubuhi jua likichomoza, na anika wakati huo. Sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani. Godoro lisikae sakafuni. Ukungu ulioota ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukiusugua ukiwa mkavu utaupeperusha mapafuni.

Liko jambo moja ambalo nitalisema kwa ukali. Wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani usiku ili likaushe nguo na kuta, kisha wanafunga mlango na kulala. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na mlalaji haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizokutwa hivyo. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko lizimwe nje, majivu yapoe huko huko, na nepi zilale zikiwa mbichi mpaka kesho.