Nishani na Watumishi Wasiotajwa

Nishani ya Mwenge wa Uhuru ni miongoni mwa heshima kubwa ambazo Rais wa Jamhuri ya Muungano humtunukia mtu kwa utumishi wake. Majina husomwa, picha hupigwa, nasi hufurahi. Lakini ni nani kutoka Ololosokwan, kijiji cha mpakani wilayani Ngorongoro, atakayeitwa siku hiyo?

Mwaka 2017 halmashauri ya kijiji hicho, pamoja na vijiji vitatu jirani, ilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga kuondolewa watu katika ardhi yao ya malisho. Mwaka 2022 shauri lilitupwa. Mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaamuru lisikilizwe upya. Wapo watakaosema kuwa dola haiwezi kumvisha nishani aliyeishitaki. Sisi hatuoni hivyo. Anayepeleka dhulma yake mbele ya hakimu, badala ya kushika silaha, ameiheshimu dola kuliko anayeisifu kila kukicha.

Jijini Arusha upo uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mshairi, waziri, na Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1964. Wangapi waendao kutazama mpira humo wanajua alifanya nini? Jina limebaki, kazi imesahauliwa. Kwa hiyo tunawaomba wanaopendekeza majina waanzie vijijini, na waandike kazi ya mtu kabla ya cheo chake.