Afya ya Nyumba: Mbele ya mimba kuna miezi mitatu

Mara hii tunataka kuzungumza na wenye ndoa wanaongoja mtoto. Vijana, musifunge ukurasa. Mengine ya humu yanawahusu zaidi ninyi, kwa maana yanatengenezwa mbele ya harusi.

Tuchukue mfano ambao kila mtaa unaujua. Kijana ameoa hapa Kasongo. Mahari imetoka, nyumba iko. Bwana anachimba upande wa Namoya, anarudi nyumbani kila baada ya wiki sita, analala siku nne, halafu anarudi machimboni. Mwaka unapita, hakuna mimba. Mama mkwe anaanza kusema polepole, kisha kwa sauti: «Muke huyu amefungwa.» Wanamnywesha mizizi, wanamuosha, wanamfunga kamba kiunoni. Mwaka wa pili wanamrudisha kwa wazazi wake na mzigo wake kichwani. Katika mambo hayo yote hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza bwana: na wewe, mwili wako uko namna gani? Wala hakuna aliyefungua kalenda.

Basi sisi tuifungue. Tuseme mke huyo anaona mwezi kila siku 28, bila kukosa. Siku ya kwanza ya damu tunaiita siku ya 1. Yai lake linatoka karibu na siku ya 14, nalo haliishi hata siku moja nzima. Mbegu za mume zinaweza kungoja ndani ya mke mpaka siku tano. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni sita tu, toka ya 9 mpaka ya 14. Sasa bwana anafika kila siku 42. Mara hii anafika siku ya 1, mke yuko katika damu. Mara ya pili anafika siku ya 15, yai limekwisha kufa. Mara ya tatu, tena siku ya 1. Hesabu wewe mwenyewe: ndani ya mwaka anafika mara nane au tisa, na pengine hakugusa hata siku moja ya mimba! Mke hakufungwa na mtu. Ni safari za bwana ndizo zilizofungwa vibaya.

Wanawake wengi hawana siku 28. Mwenye 32 aondoe 14, yai lake linatoka karibu na siku ya 18. Na mwenye mwezi usiotulia afuate alama ya mwili: siku zile ute unakuwa mwingi, mwangavu, unavutika kama weupe wa yai bichi. Wale waliofundishwa njia ya Billings parokiani waliipokea kwa kupanga uzazi. Njia hiyo hiyo inasaidia kutafuta mtoto. Kwa hiyo, baba, ukienda machimboni peleka kalenda, na urudi siku ambazo mama amekuambia, hata kama kazi iko moto.

Lakini kurudi siku nzuri na mbegu mbovu haitoshi. Wanaume wengi wanawaza kama mwanaume akiwa na nguvu za kitandani basi mbegu zake ni nzima. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mbegu ya mume inatengenezwa kwa muda wa siku zaidi ya 70, ni kusema karibu miezi miwili na nusu. Lotoko unayokunywa mwezi wa tatu, ile mbegu ya mwezi wa tano bado inaionja. Vivyo hivyo tumbaku, bangi, na vile vidonge vya kuondoa uchovu vinavyouzwa kwenye kambi bila karatasi ya daktari. Hata homa kali ya malaria inapunguza mbegu kwa wiki nyingi baada ya homa yenyewe kupona. Ndiyo maana tumeandika miezi mitatu juu ya ukurasa huu. Ukitaka mtoto, lala ndani ya chandarua hata huko kambini, acha pombe kali na moshi, na upe mwili wako miezi hiyo mitatu. Katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu zina shida upande wa mume, ama yeye peke yake ama wote wawili. Tunaandika jambo hili bila kuogopa hasira ya mtu.

Sasa tufike kwa zebaki, kwa sababu huku kwetu ndiko inakoingia nyumbani.

Pahali inapotumika, mnajua kazi yake: yale maji mazito ya rangi ya feza yanakamata chembe za dhahabu katika mchanga, kisha donge linachomwa, zebaki inapanda kwa mvuke, dhahabu inabaki. Wengi wanachoma nyumbani, juu ya makala yale yale ya kupikia bukari, kwa kuogopa wezi. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na ndipo ubaya wake unapokaa. Unaingia mapafu, unaingia damu, na kwa mama mwenye mimba unapita kondo la nyuma mpaka kwenye ubongo wa mtoto. Unaobaki unashika bati, ukuta, mukeka, nguo za kulalia. Mama anayefagia kesho yake asubuhi anauvuta tena, naye hakuona hata gramu moja ya dhahabu.

Kule Japani, katika mji wa Minamata, mwaka 1956 waganga waligundua ugonjwa uliotoka kwa zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini na kuingia ndani ya samaki. Wamama wengine walionekana wazima, au wagonjwa kidogo tu, lakini watoto waliowazaa hawakuweza kutembea wala kusema. Ni kweli zebaki ile ilikuwa ya namna nyingine, ya kuliwa ndani ya samaki, na ya kwetu ni ya mvuke. Lakini somo la mimba ni moja: mtoto anaumia mbele ya mama kusikia kitu. Mataifa yalifanya mapatano juu ya zebaki mwaka 2013, wakayapa jina la mji ule, nayo yalianza kazi mwaka 2017.

Ufanye nini? Usichome ndani ya nyumba, hata mara moja, hata mvua ikinyesha. Choma mbali, pahali pa wazi, upepo ukikupiga mgongoni, na vizuri zaidi katika chombo kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji. Kinarudisha sehemu kubwa ya zebaki, kwa hiyo hata mfuko unapona. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumba. Mama anayetafuta mimba asiguse zebaki na asikae karibu na moto huo. Mwili unahitaji karibu miezi miwili kutoa nusu tu ya ile uliyoivuta, basi kuacha siku ya kuona mimba ni kuchelewa. Na dada zangu, niwasemeshe jambo moja pembeni: sabuni na mafuta mengine ya kung'arisha ngozi yana zebaki pia. Usiikimbie jikoni halafu ukajipaka usoni.

Wamama wanaotwanga mawe wana mzigo mwingine: vumbi, jua, na kubeba magunia. Najua mtu hawezi kuacha kazi inayolisha watoto kwa sababu gazeti limesema. Lakini kama muko katika kutafuta mimba, ongeeni nyumbani nani atabeba na nani atachunga duka. Hiyo ni kazi ya bwana kupanga, asimwachie mama peke yake.

Juu ya chakula, tuanze na jambo ambalo wengi hawajalisikia. Uti wa mgongo wa mtoto na ubongo wake vinafungwa ndani ya wiki nne za kwanza, wakati mama ndiyo kwanza anajiuliza kwa nini mwezi umechelewa. Ukikosa kufungwa vizuri, mtoto anazaliwa na mgongo wazi au kichwa kisichotimia. Vitamini inayosaidia hapo inaitwa asidi foliki. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kazi iliyofanywa katika nchi saba, kwa wamama waliokuwa wamekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo: waliopewa asidi foliki mbele ya mimba walipunguziwa hatari kwa 72 kwa mia. Kwa mama asiye na historia hiyo, kipimo ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia mbele ya mimba mpaka wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi, amwone daktari kwanza. Vituo vyetu vinatoa vidonge vya chuma na asidi foliki kwa mama anayekuja kupimisha mimba, naye mara nyingi anakuja tumbo likionekana. Nenda mapema uombe! Mwambie muganga wazi: «Tunatafuta mimba.» Si neno la haya.

Na katika sahani: lengalenga, matembele, maharagwe, karanga, avoka, mayai, samaki wa Lualaba anapopatikana. Mayai hasa. Kuna nyumba ambamo yai ni la baba na la mgeni. Mama anayejitayarisha kubeba mtoto alipate yeye. Sombe ni nzuri, itwangwe na ichemke vizuri. Mihogo michungu ilowe siku za kutosha mbele ya kuanikwa, kwa sababu sumu yake inazuia mwili kutumia iodi, nayo iodi inajenga akili ya mtoto. Nunua chumvi yenye iodi, uifunge, usiianike juani. Udongo mweupe wa kutafuna uache: unazuia chuma kuingia damuni na unaweza kuleta minyoo.

Sasa magonjwa ya zinaa. Wakati wa Wabelgiji watu wa hesabu waliona sehemu kubwa za kaskazini na katikati ya Kongo ambamo wanawake wengi walizeeka bila kuzaa hata mara moja. Mtaalamu Anatole Romaniuk aliandika juu ya mambo hayo katika miaka ya 1960. Watu walisema ni laana. Chanzo kikubwa kilikuwa kisonono na ndugu zake, magonjwa yanayoziba mirija ya kizazi. Dawa za kuua viini zilipoenea, uzazi ulipanda. Leo njia za magonjwa hayo zinapita machimboni, pale feza inapopatikana usiku mmoja na kumalizika usiku ule ule. Mwanaume anasikia moto akikojoa, anatafuta dawa. Mwanamke mara nyingi hasikii kitu, na mirija inaziba kimya kimya. Akitibiwa mmoja peke yake ni bure. Mutibiwe wote wawili, siku moja, na kulala pamoja kungoje mpaka muganga aruhusu. Pimeni pia kaswende, ambayo inaua watoto tumboni, na inapona kwa penisilini. Pimeni na virusi vya ukimwi: mama anayefuata dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto mzima.

Vijana, hapa ndipo pa kwenu: pimeni damu juu ya SS mbele ya kupeleka mahari. Wawili wenye AS wanaonekana wazima kabisa, lakini kwa kila mimba yao mtoto ana nafasi moja kwa nne ya kuzaliwa na SS. Ni afadhali mulijue mukiwa bado muna nafasi ya kuongea.

Dawa za barabarani tupite haraka. Doksisiklini na nyingine zinazotafunwa kambini kama karanga hazifai kwa mimba, na mimba ya wiki mbili haina alama. Mama anayetafuta mtoto asimeze dawa bila kumwambia muganga kama anaweza kuwa amebeba.

Na ikiwa mwaka mzima umepita, siku mulizihesabu vizuri, mulikuwa pamoja, na hakuna kitu? Hapo ndipo pa kutafuta daktari. Mama aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Kasongo si pahali pa kuona haya mlangoni mwa kituo cha afya: toka mwaka 1971 vituo vya hapa, vilivyopangwa na waganga wa kwetu pamoja na wa shule ya magonjwa ya joto ya Antwerp, vilitazamwa na nchi nyingine kama mfano wa afya iliyo karibu na watu. Nendeni wawili. Kipimo cha kwanza ni cha bwana, kwa sababu ni rahisi, hakiumi, na gharama yake ni ndogo kuliko vya mama. Akae siku mbili mpaka saba bila kulala na mke, atoe mbegu katika kikopo safi cha maabara, asitumie mupira wa kawaida kwa sababu wengine una dawa inayoua mbegu. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja. Akitoka nyumbani akiweke kwapani au ndani ya shati, kisipate baridi ya njiani, na pikipiki isisimame kwa mtu yeyote.