Nusu Dozi Haimponyi Mtu

Dawa ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mnunuzi hawezi kuvikagua mwenyewe. Mkulima anayenunua jembe hulipima kwa mkono wake, na mama anayenunua unga huutazama na kuunusa. Lakini mgonjwa anayepewa kidonge hana budi kumwamini aliyekitengeneza, aliyekiandika na aliyekiuza. Ndiyo sababu Serikali yetu haikuiacha biashara ya dawa ijiendee yenyewe. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili inunue dawa kwa niaba ya umma na kuzisambaza katika hospitali, vituo vya afya na zahanati. Mwaka 2003 ikaundwa mamlaka ya kusimamia usalama wake, ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Hatua hizo ni za kujivunia. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo sharti tulizungumze bila kificho, nalo ni nusu dozi.

Mgonjwa huandikiwa vidonge 21 vya kuua bakteria, anywe kimoja mara tatu kwa siku kwa siku saba. Akielezwa kwamba dawa hiyo zahanatini imekwisha, huenda dukani na fedha pungufu. Muuza duka humkatia vidonge sita. Siku ya pili vinakwisha, homa imepungua, naye anarudi shambani akidhani amepona. Kumbe bakteria walio dhaifu ndio waliokufa. Walio sugu wamebaki, na kesho watamwambukiza mwanawe au jirani yake.

Hatari hii si ngeni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu yake alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa. Na sisi wenyewe tumekwisha kulipa gharama ya usugu. Klorokwini, dawa rahisi iliyotutibu malaria kwa miaka mingi, ilibidi tuiache mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Ikafuata SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 tukaingia katika dawa mseto, ambayo bei yake ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya klorokwini. Dawa inayopotea hurithiwa na dawa ya ghali zaidi.

Wako wanaosema kwamba kosa ni la mwananchi, kwamba hana elimu na hasikii maonyo. Hatukubaliani nao. Mtu anayenunua vidonge sita mara nyingi anajua kwamba aliandikiwa 21; alichokosa ni fedha. Tukiwaamuru wauza dawa wasikate dozi, huku bei ikiachwa ilivyo, huyo aliyepata nusu atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo bei ya dawa na usalama wa dawa si mambo mawili. Ni jambo moja.

Tena bei si amri ya Mungu. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilijitolea kuziuza kwa dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na dawa zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni aliyezitengeneza. Somo hilo linafaa hata katika cheti cha mgonjwa wa kawaida. Mganga anayeandika jina la dawa yenyewe humpa mgonjwa nafasi ya kuchagua iliyo nafuu. Anayeandika jina la biashara la kiwanda fulani humfunga kwa bei ya kiwanda hicho.

Basi kila mmoja atimize wajibu wake. Waganga waandike majina halisi ya dawa, na wasiandike dawa za bakteria kwa kila mafua. Hospitali na halmashauri zilipe madeni yake kwa Bohari ya Dawa kwa wakati, kwani ghala lisilolipwa haliwezi kujazwa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini nako kuwe na wauzaji waliofundishwa, yakumbuke kwamba leseni yao ni dhamana. Kamati za afya za vijiji ziulize ni dawa gani imeingia zahanatini, na imekwenda wapi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imefungua njia ya kumwondolea mgonjwa mzigo wa kulipa akiwa tayari kitandani. Lakini kadi ya bima haimezwi. Mwananchi mwenye kadi akielekezwa dukani kwa sababu rafu ya zahanati ni tupu, atarudi kule kule kwenye vidonge sita. Kipimo cha mafanikio ya sheria hiyo kitakuwa kimoja: kwamba mgonjwa wa kijijini anatoka zahanatini na dozi yake yote mkononi.