Ukali wa mkubwa kazini si dawa, ni chanzo cha maradhi

Siku yenye wagonjwa wengi zaidi katika chumba changu cha matibabu ni Jumatatu. Huenda msomaji ukadhani ni kwa sababu watu hula na kunywa kupita kiasi mwishoni mwa juma. Wamo wa namna hiyo, sikatai. Lakini wengine wengi huja wakiumwa na kichwa, au tumbo linawawaka moto, au shingo imekaza, au moyo umekuwa ukienda mbio tangu Jumapili jioni. Ukiwapima malaria, hawana. Ukiwapima homa ya matumbo, hawana. Ukiwauliza habari za kazini, hushusha pumzi na kunyamaza.

Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, karani wa hesabu katika kampuni moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Alinijia mara nne kwa miezi mitatu. Mara ya kwanza nilimpa dawa za kupunguza asidi tumboni. Mara ya pili alilalamika kuwa halali, nikampa vidonge vya siku chache. Mara ya tatu nilipima shinikizo la damu nikapata 170 kwa 105, na baada ya kupima tena na tena nikamwanzishia dawa. Mara ya nne alikuwa na barua ya onyo mkobani. Kosa lake lilikuwa kuchelewa dakika 15 akitoka kwangu. Msimamizi wake alimsomea barua hiyo mbele ya wenzake, kisha akamkumbusha kwamba nje ya lango kuna watu mia moja wanaoitamani kazi yake. Yule mama hakulia huko kazini. Alilia kwangu.

Hapo nilitambua kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa nikitibu moshi huku moto ukiendelea kuwaka kwingine. Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo leo nataka kukueleza wewe msomaji, hasa ikiwa una watu chini yako, wawe mia mbili kiwandani au mmoja tu jikoni kwako: namna unavyowaongoza watu ni jambo la afya yao, sawa na maji wanayokunywa na hewa wanayovuta.

Yanayotokea mwilini

Mtu anapotishwa, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu na misuli hukaza. Haya ni maumbile mema. Yalimsaidia babu yetu kumkimbia simba. Simba akishapita, mwili hutulia na kurudi katika hali yake.

Taabu ni kwamba mwili hautofautishi baina ya simba na mkubwa anayegonga meza. Na tena simba hakuja kila asubuhi saa mbili, siku tano kwa wiki, miaka kumi mfululizo. Mtu anayeishi katika hofu ya namna hiyo hukosa usingizi, shinikizo lake la damu hupanda mara kwa mara, na kinga yake dhidi ya maradhi huweza kudhoofika. Aidha, wengi hutafuta kitulizo katika pombe, sigara au kula ovyo, na hayo nayo huleta maradhi yake. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo huona hali yake ikizidi kuwa mbaya ingawa anameza dawa kama alivyoagizwa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1967, watafiti nchini Uingereza walifuatilia afya ya watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 jijini London. Hawa hawakuwa wachimba migodi. Walikuwa watu wa afisini, wenye ajira ya kudumu na matibabu ya bure. Hata hivyo, walio katika ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya wale wa ngazi ya juu. Uvutaji sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili ulioanza mwaka 1985, ukiongozwa na Profesa Michael Marmot, ulionyesha kwamba sababu mojawapo ni mtu kukosa usemi juu ya kazi yake: kuamriwa kila kitu na kutoulizwa lolote.

Nchini Uswidi nako, watafiti walifuatilia wafanyakazi wanaume 3,122 wa Stockholm kwa takriban miaka kumi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Waliulizwa kuhusu wakubwa wao: Je, hukueleza malengo ya kazi waziwazi? Hukupa habari unazohitaji? Huonyesha kukujali? Waliokuwa na wakubwa wazuri walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi, na kadiri walivyofanya kazi hapo kwa muda mrefu ndivyo tofauti ilivyoonekana zaidi.

Kuna pia suala la saa za kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko afanyaye saa 35 hadi 40. Basi mkubwa anayejivunia kwamba watu wake hawatoki afisini kabla ya saa mbili usiku afikirie anajivunia nini.

Hofu huficha makosa

Nisije nikaonekana kama mtu anayewahubiria wengine, nitakueleza yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisimamia zahanati ndogo, nami nilikuwa mkali. Nilimkemea muuguzi mbele ya wagonjwa kwa sababu faili ilipotea. Niliamini kuwa nalinda kiwango cha kazi. Wiki chache baadaye mtoto alipewa kipimo kikubwa cha dawa kuliko nilichoandika. Muuguzi yule aligundua kosa hilo baada ya dakika chache. Hakuniambia. Nililijua jioni, mama wa mtoto aliporudi akisema mwanawe analala kupita kawaida. Mungu alitusaidia, mtoto akapona. Nilipomuuliza muuguzi kwa nini alinyamaza, alinijibu kwa sauti ya chini, “Daktari, niliogopa.”

Sikuwa na la kumwambia. Kosa la kipimo lilikuwa lake, lakini ule ukimya wa saa sita ulikuwa wangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndimi niliyemfundisha kuficha.

Baadaye nilisoma kazi ya mtaalamu wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kuona vikundi vyenye uongozi mzuri vikiwa na makosa machache. Aliona kinyume: vilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochunguza sana alielewa kwamba si kuwa walikosea zaidi, bali waliweza kusema bila kuogopa, na hivyo kosa likarekebishwa mapema. Ikiwa wewe ni meneja na hujaletewa habari mbaya mwaka mzima, usishangilie. Yawezekana watu wako wamejifunza kunyamaza.

“Ukiwalegezea watakupanda kichwani”

Najua jibu la wakubwa wengi, kwa sababu wao pia ni wagonjwa wangu. Husema kwamba mfanyakazi wa Kenya bila kusukumwa haendi, na kwamba ukiwa mpole watu watachelewa, wataiba na watalala kazini.

Sisemi bosi awe mlegevu. Mlegevu naye huleta maradhi, maana pasipo utaratibu wenye bidii hubeba mizigo ya wavivu, na hilo nalo huvunja moyo. Ninachosema ni kwamba uthabiti na ukali ni vitu viwili. Mthabiti husema, “Ripoti hii ina makosa matatu, nayo nataka irekebishwe kufikia saa tisa.” Mkali husema, “Wewe ni bure kabisa.” Wa kwanza amezungumza juu ya kazi. Wa pili amezungumza juu ya mtu, na mtu huyo ataenda nyumbani na maneno hayo, atalala nayo, na huenda akamwamkia nayo mtoto wake asubuhi.

Wengine husema kwamba kazi ni adimu na atakaye aondoke. Ni kweli kazi ni adimu. Lakini hapo ndipo dhuluma inapozidi, kwa sababu asiyeweza kuondoka ndiye aumiaye zaidi. Na mwajiri naye hapati faida anayodhani. Mfanyakazi mgonjwa hukosa kuja, au huja mwili tu, akakaa mezani akihesabu dakika. Aliye hodari akipata mahali pengine huondoka, nawe hubaki na waoga na wenye kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha humfundisha mpya kwa miezi sita, kwa pesa zako.

Tena, mengi ninayoyasema si hisani, ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka kwa mshahara kamili. Inampa pia ruhusa ya ugonjwa: baada ya miezi miwili kazini, si chini ya siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Na kabla ya kumpiga mtu kalamu kwa sababu ya utovu wa nidhamu au kazi mbovu, sharti mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na kumsikiliza.

Unaloweza kuanza leo

Kwako wewe mwenye kuongoza, nakuandikia dawa kama nimwandikiavyo mgonjwa.

Kwanza, sifu mbele ya watu, onya faraghani. Hili peke yake lingepunguza foleni yangu ya Jumatatu.

Pili, eleza kazi kabla ya kulaumu. Makosa mengi ninayoyasikia yametokana na maagizo yaliyotolewa nusu nusu, tena bosi akiwa mlangoni anatoka.

Tatu, waulize watu namna bora ya kufanya kazi yao wenyewe. Fundi anayeshinda na mashine kutwa anaijua kuliko wewe. Huna haja ya kukubali kila asemalo, lakini msikilize mpaka mwisho.

Nne, heshimu saa za mapumziko. Ukimpigia mtu simu saa nne usiku kwa jambo la kesho, umemnyima usingizi.

Tano, mtu akija kukiri kosa, mshukuru kwanza kwa kusema. Kisha mrekebishe kosa pamoja. Mimi nilianza kufanya hivyo, na sasa wauguzi wangu huniletea hata makosa yangu mimi.

Wewe mkubwa nawe jipime afya. Wengi wenu mnawapigia watu kelele kwa sababu hamkulala, au kwa sababu aliye juu yenu amewapigia kelele asubuhi. Maradhi haya huteremka ngazi kama maji, na mahali pa kuyazuia ni pale uliposimama.

Kwako mfanyakazi, usingoje mpaka uanguke. Ukikosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, ukiona huna hamu ya chochote, au ukifikiria kujidhuru, nenda ukamwone daktari au mshauri mara moja, wala usione haya. Kifua kikibana au kukaza, au mkono na mguu wa upande mmoja vikiishiwa nguvu, kimbilia hospitali hiyo hiyo siku. Mweleze daktari habari za kazini, kwani asipojua atakupa vidonge tu. Weka kumbukumbu ya unayotendewa, pamoja na tarehe, na zungumza na mtu wa chama au wa idara ya wafanyakazi.

Yule karani wa hesabu aliniruhusu nimwandikie mwajiri wake barua. Sikumtaja msimamizi. Nilisema tu kwamba mgonjwa wangu ana shinikizo la damu na kwamba namna anavyosimamiwa inahatarisha maisha yake. Baada ya wiki tatu alihamishiwa idara nyingine, chini ya mzee mmoja ambaye, kwa maneno yake, “husema tafadhali.” Bado anameza dawa, na pengine atameza maisha yake yote. Lakini mara ya mwisho nilipata 134 kwa 84, na ameacha vidonge vya usingizi.

Sijui msimamizi wake wa zamani amempata nani badala yake. Huyo naye ana moyo na mishipa, naye labda atanijia Jumatatu moja. Heshima si utumwa, wala haimpunguzii mkubwa cheo chake. Haigharimu mwajiri hata senti moja, na ningefurahi kuwapoteza wagonjwa wengi kwa sababu yake.