Uvimbe hauhukumiwi kwa macho

Kila mchimbaji wa Kolwezi afahamu kwamba jiwe la kijani lina shaba, na kwamba jiwe jeusi huenda lina kobalti. Lakini kiasi kilichomo hakionekani kwa macho. Sharti jiwe lipimwe. Ndivyo ulivyo na uvimbe katika mwili wa mtu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye alimwona wa pili huko Jinja, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, akiuita sakoma, yaani saratani ianziayo katika nyama na mifupa.

Ndipo wenzake wa maabara, Jack Davies na Gregory O'Conor, walipochunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini. Uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ulikuwa na seli za namna moja: si za mfupa, bali za jamii ya chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili. Zilikuwa zimesongamana, nyeusi kama usiku, na kati yake seli kubwa zenye weupe mfano wa nyota. Kumbe magonjwa yaliyodhaniwa kuwa mengi yalikuwa moja!

Jina lilipobadilika, tiba nayo ilibadilika. Kisu hakiwezi kuufuata uvimbe uliotawanyika, ambao huweza kufika hata ubongoni. Lakini dawa za kuua seli hizo, zilizoanza kutumiwa Kampala katika miaka ya 1960, ziliponya watoto waliokwisha kukatiwa tamaa.

Sisi walimu twaziona nyuso za watoto kila asubuhi. Ninyi wazazi mwaziona kabla yetu. Taya ikivimba na meno yakilegea, tusiseme ni jino tu, wala tusimtafute mchawi. Uvimbe huu hukua kwa siku, haungoji miezi. Twende hospitali upesi. Na daktari akitaka kukata kipande kidogo cha nyama, tusikatae tukidhani amwongezea mtoto kidonda: kipande hicho ndicho kitakachomwonyesha dawa ifaayo.

Jiwe hatuliuzi bila kulipima. Je, uhai wa mtoto tutauhukumu kwa kutazama tu?