Tusilicheke Swali la Mwanafunzi

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Lakini Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, alilipeleka swali hilo maabara. Mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala kwa pamoja, na mpaka leo wanafizikia wanaijadili "athari ya Mpemba".

Maswali ya namna hiyo yametuzunguka, na kuyajibu huhitaji fani zaidi ya moja. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe, ilihitaji madaktari, lakini bila hesabu za takwimu tusingejua kama inakinga. Na mtazame fundi cherehani anavyokigeuza kitenge mezani kabla ya kutia mkasi, ili maua yakutane kwenye mshono na kipande kisipotee. Hiyo ni jiometri, na ubunifu wa mavazi unastahili utafiti kama fani nyingine.

Serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi ni deni, zilipe. Vyuo vikuu navyo viondoe kuta kati ya idara, na matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili, yamfikie fundi na mzazi aliyempeleka mwanawe kuchanjwa.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumcheka anayeuliza.